Maziwa Yasiyo na Mtoto

Biryogo, Kigali
Jumapili mchana

Dada yangu Zuhura,

Mimi ni mzima. Nimelitanguliza neno hilo kwa makusudi, ili usiisome barua hii moyo ukikudunda. Nala vizuri, nafanya kazi yangu, na hapa nilipo nimekaa kibarazani, mvua imekatika sasa hivi na watoto wa jirani wanakanyaga madimbwi huku mama yao akiwafokea. Nanyi je? Mguu wa Mama unaendeleaje, bado anauburuta au ile dawa ya kuchua imemsaidia? Shemeji amepata ile kazi ya bandarini? Sukari na sabuni mnapata, au bado mnapanga foleni tangu alfajiri? Mwenye kukuletea barua hii ni mama mmoja muuza kanga, anapanda basi kesho pale Nyabugogo kwenda Bujumbura, kisha boti mpaka Kigoma. Nimempa sabuni na kitambaa cha gauni la Mama. Mpe chai, mtu mwema.

Sasa, dada, nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza. Ukimaliza, umsomee Mama yale utakayoona yanafaa, na umsomee kwa sauti yako ya kawaida, maana wewe ukibadilisha sauti tu Mama huanza kulia kabla ya kujua analilia nini.

Utakuwa unajiuliza mwaka mzima nilikuwa wapi, mbona kimya. Kile kikaratasi nilichomtuma nacho dereva, kwamba nilikuwa na homa kidogo, kilikuwa uongo. Sikuwa na homa. Nilikuwa na jambo ambalo sikujua niliandikeje, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua ni nini.

Unakumbuka nilivyoolewa na Saidi nikaja huku, mwaka wa kwanza na wa pili ukapita bila mtoto. Hakuna aliyenisema. Mama mkwe alikuwa akiniambia, "Ihangane," ndiyo kusema vumilia, nami nikavumilia. Kisha siku zangu zikaanza kwenda ovyo. Mara zije baada ya miezi miwili, mara miezi mitatu, halafu zikakatika kabisa. Dada, tulifurahi! Saidi aliniletea nanasi kila jioni. Mama mkwe alianza kutenga nguo kuukuu laini za kumvika mtoto, akazifua, akazianua, akazikunja sandukuni. Nami nilikuwa nikijishika tumbo kila asubuhi. Mwezi wa nne tumbo halijatoka, tukasema mimba nyingine huwa hivyo. Mwezi wa sita tumbo liko vile vile kama sahani. Mama mkwe akaacha kuzungumzia sanduku. Ilikuwa kama tumekubaliana kwamba hatukuwahi kufurahi.

Kisha yakaja maziwa.

Siku hiyo tulikuwa jikoni, mimi na mama mkwe, tunachambua maharage. Nilihisi kifua kimelowa, nikadhani nimejimwagia maji. Yeye ndiye aliyeona kwanza. Aliinua macho kutoka kwenye ungo, akanitazama kifuani muda mrefu, akanyoosha mkono akagusa blauzi yangu kwa kidole kimoja, akakinusa. Unajua Kiswahili cha huku, hakifuati ngeli zetu, na yeye ingawa babu yake alikuja na misafara ya kutoka pwani, mdomo wake ni wa hapa hapa. Aliniuliza polepole sana, bila kupaza sauti:

"Iko na maziwa. Mutoto iko wapi?"

Sikuelewa. Nikamwambia, "Mtoto gani, Mama?"

"Huyo ya hii maziwa. Umemupeleka wapi?"

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa anafikiri kwamba ile mimba ilikuwa mimba kweli, na kwamba nimeitoa, au nimezaa kwa siri nikamtupa mtoto. Na, dada, hebu jiweke mahali pake. Mwanamke ambaye miezi kadhaa hakupata siku zake, kisha anatoka maziwa, na mtoto hayupo. Hata mimi ningemwona mwanamke mwingine vile ningefikiri hivyo hivyo. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote: kwamba sikuwa na jibu. Nilijua sikuzaa, lakini mwili wangu ulikuwa unashuhudia dhidi yangu, na nani atasadiki mdomo akaacha kusadiki maziwa?

Baada ya wiki moja mtaa wote ulikuwa unajua. Hapa Jumamosi watu wote hutoka kufanya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaro na kutengeneza barabara. Nilipofika na jembe langu wanawake wawili niliokuwa nikisimama nao siku zote walisogea mbele kidogo. Hawakunitukana. Walisogea tu. Nilichimba peke yangu mpaka saa tano.

Familia ikakaa. Baba mdogo wa Saidi, mzee mpole mwenye duka la nguo, ndiye aliyeongoza. Aliniuliza kama niko tayari kuapa. Nikatia udhu, nikashika Msahafu, nikaapa kwamba sikuzaa wala sikutoa mimba. Mzee akasema, "Basi, ameapa, maneno yamekwisha."

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa. Akasema, "Kiapo iko kwa Mungu. Maziwa iko hapa."

Nilimtazama Saidi. Saidi alikuwa anatazama mkeka. Tangu siku hiyo alihamishia godoro lake dukani kwetu, nyuma ya cherehani, akasema kuna kazi nyingi za kumaliza. Asubuhi nikija dukani tunashona pamoja, ananiambia nipe mkasi, nipe rula, basi. Wiki tatu tulikaa hivyo. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia ningekuja, na ningekuja bila kurudi, na watu wa huku wangesema, mnaona, amekimbia.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyogeuka, maana yaligeuka kwa kitu ambacho hakuna aliyekitazamia.

Tulikuwa tumepata kazi ya kushona magauni ya bluu ya wasichana wa shule moja kule Kagarama. Mimi nilikuwa nashona, Saidi anakata na kukagua. Siku moja akanishikia gauni mbele ya uso, akasema, "Mwajuma, hii umeshona au umekisia?" Mshono wa ubavuni ulikuwa umetoka nje ya kitambaa. Nikaona aibu, nikafumua. La pili likawa vile vile. Katikati mshono umenyooka kama uzi wa buibui, lakini pembeni, huku na huku, ni ovyo. Akadhani ni huzuni. Mimi pia nilidhani ni huzuni; kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku, nyuma ya macho, nikasema ni kulia kwingi.

Siku ya kupeleka magauni tulikwenda wote wawili, kila mmoja na bunda lake. Pale kwenye njia panda ya Sonatubes nilisimama, nikatazama mbele, nikaona barabara ni nyeupe, nikakanyaga lami. Saidi alinivuta kwa nyuma kwa nguvu mpaka bunda likaanguka, na lori likapita pale pale nilipokuwa nimeweka mguu. Honi yake nilikuwa nimeisikia, dada, lakini nilidhani iko mbali, kwa sababu sikuona kitu.

Saidi alikuwa bado amenishika nguo. "Hukuliona?"

"Sikuliona."

"Lori zima, Mwajuma? Limetoka hapa!" Akanionyesha ubavuni.

"Sikuliona, wallahi."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu kile kikao. Tulifikisha mzigo, tukarudi. Tulipofika dukani akanikalisha kwenye kigoda, akachukua kibiringo cha uzi mwekundu, akaniambia, "Nitazame mimi puani, usigeuze macho." Akakishika kibiringo mbele yangu, akaanza kukisogeza kwenda kulia, taratibu. "Sema kikipotea." Kikapotea mapema mno. Akakileta upande wa kushoto, kikapotea vile vile. Akanifunga jicho moja, kisha la pili. Alirudia mara nyingi. Mimi nilikuwa naona kama mtu anayetazama dunia kupitia mlango uliofunguliwa nusu, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa kidogo kidogo, sikuwa nimegundua.

Akakiweka chini kibiringo. Akasema, "Mimba haifanyi macho hivi. Wewe ni mgonjwa." Akafunika uso kwa mikono. "Mgonjwa, nami nimekuacha peke yako."

Kesho yake tulikwenda hospitali kubwa. Tulipangwa kwa daktari wa Kizaire, mtu wa Bukavu, mnene, mtaratibu. Aliniuliza kuhusu kichwa na macho. Akanipima kama alivyonipima Saidi, ila yeye kwa ncha ya kalamu. Akaandika. Kisha bila kuinua kichwa akauliza:

"Mama, siku zako za mwezi zilisimama?"

Nikasema ndiyo.

"Na maziwa? Maziwa inatoka kwenye kifua?"

Dada, nilisimama. Nilikuwa sijamwambia mtu pale hospitali, wala Saidi hakuwa amefungua mdomo. Nikadhani mama mkwe ametangulia kufika. Nikamuuliza kwa ukali, "Nani amekuambia?"

Akatabasamu. "Macho yako ndiyo imeniambia. Kaa, mama. Hii haiko aibu. Hii iko ugonjwa, na iko na jina."

Nilikaa, nikalia pale pale mbele yake, kilio ambacho sikuwa nimelia hata siku ya kiapo. Yeye aliendelea kuandika mpaka nilipomaliza.

Walinipiga picha ya kichwa. Damu yangu ikatiwa kwenye chupa ikapelekwa Ulaya kwa ndege, maana hapa hawana chombo cha kuipima. Lakini picha peke yake ilimtosha. Akatuita, akachukua karatasi, akatuchorea. Nitakueleza kwa Kiswahili chetu, kwa kuwa chake ungecheka.

Chini kabisa ya ubongo, nyuma ya macho, kuna sehemu ndogo, na chini yake inaning'inia tezi, si kubwa kuliko punje ya dengu. Imekaa kwenye mfupa wenye umbo la tandiko la farasi. Ile sehemu ya ubongo ndiyo mkubwa wa tezi. Huitumia habari kwa homoni, na haitumi mfululizo. Inatuma kidogo, inanyamaza, inatuma tena, inanyamaza, kama kila saa moja au saa moja na nusu. Tezi ikipata habari ile, nayo inatia homoni zake mbili kwenye damu, zinateremka mpaka kwenye ovari, vile vifuko vya mayai, na ovari zinaivisha yai. Kisha ovari nazo zinarudisha homoni zao juu, ili ubongo ujue kazi imefika wapi, upunguze au uongeze. Hivyo ndivyo mwezi wa mwanamke unavyokwenda. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe, kwa mbuzi, kwa panya, wote wenye kunyonyesha.

Nikamuuliza kwa nini mkubwa anyamaze nyamaze, si angetuma tu bila kukoma? Akasema akituma bila kukoma, tezi inakuwa kiziwi, haifanyi kazi tena. Saidi alicheka, akasema hilo analielewa, kwani amelelewa na mama yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka baada ya miezi.

Tezi hiyo hiyo ina homoni nyingine, ya maziwa. Hiyo ubongo hauiamuru itoke, unaizuia. Siku zote ubongo unaiambia, bado, bado. Mwanamke akizaa, mtoto akanyonya, kule kunyonya kunafika mpaka ubongoni, kizuizi kinalegea, maziwa yanakuja. Na homoni ya maziwa ikizidi, ubongo hupunguza ile habari ya kuivisha mayai, na ndiyo sababu mama anayenyonyesha sana hukaa muda mrefu bila kupata siku zake. Mwili unasema, huyu ana kazi mikononi, asiongezewe nyingine.

"Sasa wewe, mama," akasema daktari, "kwenye tezi yako kumeota kitu, uvimbe. Hauko kansa. Lakini unatengeneza ile homoni ya maziwa bila kuuliza mutu. Mwili yako inazani unanyonyesha. Hakuna mimba iliyoingia, na hakuna iliyotoka."

Uvimbe ulikuwa umepanua lile tandiko la mfupa, ukapanda juu, ukagandamiza mahali mishipa ya macho inapokutana, na ndiyo maana pembeni palikuwa giza.

Saidi akamuuliza, "Daktari, maneno haya, unaweza kumwambia mama yangu?"

"Mulete," akasema.

Kumleta haikuwa rahisi. Alikataa siku mbili, akisema madaktari wanasema wanayolipwa waseme. Baba mdogo ndiye aliyemshawishi. Alikwenda amevaa vazi lake la Idi, akakaa kwenye benchi wima kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Daktari alimchorea karatasi upya, hakutumia ile yetu. Akamuuliza, "Mama, Saidi ulimunyonyesha muda gani?"

"Miaka mbili. Yote mbili."

"Na siku zako zilirudi lini?"

Akafikiri. "Karibu kumwachisha."

"Nani alikufungia hizo siku?"

Daktari akaweka kidole kwenye mchoro. "Huyu hapa, mukubwa ya tezi. Kwako alinyamazishwa na Saidi akinyonya. Kwa mukwe wako alinyamazishwa na ugonjwa."

Mama mkwe aliinama akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kama alivyonitazama siku ile jikoni. "Kwa hiyo," akasema, "hii maziwa haina mutoto."

"Haina."

"Haijapata kuwa na mutoto."

"Haijapata, mama."

Njia nzima hakusema kitu. Mimi sikutaka aseme. Nilikuwa nimechoka kuliko kukasirika. Lakini asubuhi yake, dada, nilikuwa bombani nimepanga ndoo yangu nyuma ya wenzangu, nikamwona anakuja bila ndoo. Akasimama mbele ya wanawake wote, wale wale wa umuganda. Akasema kwa sauti:

"Mimi Mama Saidi nilisema huyu umukazana wangu, muke ya Saidi, ameua mutoto. Nilisema uongo. Sikujua kama ni uongo, lakini ni uongo. Iko mugonjwa hapa." Akajigusa kichwani. "Yule nilimwambia mimi, na yule alisikia kwa mwenziwe, arudi huko huko aseme nimesema uongo."

Kisha akanigeukia. Kwa Kiswahili maneno yalimshinda, akasema kwa lugha ya hapa, "Mbabarira." Maana yake nisamehe. Akachukua ndoo yangu, akaipitisha mbele ya foleni nzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia panga mstari.

Matibabu sasa. Daktari alisema kuna njia mbili. Moja ni kupasuliwa, lakini si hapa, ni Ulaya, na wewe unajua sisi na Ulaya. Nyingine ni vidonge vidogo vyeupe vinavyofanya kazi ya ule ubongo wangu: vinaiambia tezi, bado, usitoe. Alisema uvimbe wa namna yangu mara nyingi unasinyaa kwa vidonge hivyo, lakini hakuahidi. "Kila wiki utakuja nipime macho. Ikizidi giza, tutatafuta ndege kwa nguvu zote." Vidonge navyo havikuwa vikipatikana kila siku; famasia moja tu ya mjini ilikuwa inaviagiza, na mara moja vilipokwisha Saidi alikwenda mpaka Bujumbura kuvitafuta, akarudi navyo mfukoni mwa shati, ameubana mfuko kwa pini.

Wiki ya kwanza nilidhani vitaniua. Nilianza na nusu kidonge pamoja na chakula cha jioni, nikasikia kichefuchefu kama mwenye mimba kweli, nikawa nikisimama haraka naona nyota. Mama mkwe alikuwa ananisimamisha polepole kama mgonjwa wa miaka mingi, ananiambia, "Buhoro, buhoro," yaani taratibu. Saidi alikuwa amerudisha godoro nyumbani. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alinikalisha na kibiringo chake. Siku ya kumi hakuna mabadiliko. Siku ya kumi na nne nilisema nakiona, akaniambia, "Usinidanganye kunifurahisha," na kweli nilikuwa namdanganya.

Katika wiki ya tatu, asubuhi moja, nilikuwa nimemkazia macho puani, yeye anasogeza mkono, anasogeza, akangoja niseme kimepotea. Sikusema. Akanyoosha mkono wote. Nikamwambia, "Nakiona. Na pindo la mkono wa shati lako lina sindano ya jana bado imechomekwa." Akatazama pindo lile. Ilikuwa kweli. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima, akaegemeza kichwa magotini kwangu.

Hapo ndipo nilipomuuliza lile lililokuwa limenikaa kooni. "Siku ya kikao, kwa nini hukunitetea?"

"Niliogopa kukuuliza," akasema. "Niliogopa ukinijibu nitajua. Nikaona heri nisijue."

"Ungeuliza, ningekwambia sijui. Tungekuwa wawili tusiojua."

"Ndiyo," akasema. "Hilo nimelijua sasa."

Sijui kama nimemsamehe yote, dada. Kuna siku nakumbuka ule mkeka aliokuwa akiutazama nashikwa na hasira, natoka nje kidogo, narudi. Lakini naishi naye, na naishi vizuri. Naye sasa huuliza, hata mambo ambayo hayana haja ya kuulizwa.

Maziwa yalikauka kabla ya mwezi wa pili kwisha. Na katika mwezi wa nne nikiwa natia uzi kwenye cherehani, nikasikia tumbo linaniuma chini, maumivu yale ya zamani niliyokuwa nikiyalaani nilipokuwa msichana. Nikaenda chooni. Siku zangu zilikuwa zimerudi. Nilirudi dukani nikamnong'oneza Saidi, naye mbele ya wateja akasema "Alhamdulillahi!" kwa sauti, mpaka mteja mmoja akamuuliza amepata nini. Zimekuja tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Damu iliyokwenda Ulaya ilirudisha majibu yake, na daktari alikuwa amesema kweli. Picha mpya inaonyesha uvimbe umesinyaa, ingawa bado upo, na vidonge nitaendelea navyo, pengine miaka.

Mtoto? Mama atauliza, najua. Mwambie sina mimba. Daktari amesema tusubiri kidogo uvimbe utulie, kisha tujaribu, na akiingia nitaangaliwa macho yangu muda wote. Anaweza kuja, anaweza asije. Mwambie pia asinitumie tena ile mizizi ya kupatia mtoto. Si kwamba nadharau. Nilikunywa yote aliyonitumia, Mungu anajua ilivyo chungu. Lakini tatizo langu halikuwa tumboni, na mizizi ile ilikuwa inagonga mlango usio wake.

Dada, sasa nakuja kwenye sababu iliyonifanya niandike leo nisingoje nije mwenyewe.

Juzi nilikuwa nikipiga pasi nikamkumbuka Bi Chausiku, yule wa nyuma ya kwetu, aliyekuwa akiuza vitumbua. Unakumbuka mume wake alimfukuza tukiwa wadogo? Unakumbuka watu walisema nini? Kwamba alimtupa mtoto ziwani, kwa kuwa alionekana na maziwa na hakuna aliyeona mtoto. Na unakumbuka alivyokuwa akijifunga kanga kichwani ikambana, akisema kichwa kinampasuka? Na alivyokuwa akigonga mabega milangoni, akipindua masinia ya watu, nasi tukimwita Bi Kigongo, tukijificha ubavuni mwake ili apite bila kutuona? Mimi ndiye niliyeubuni mchezo ule, dada. Tulisimama karibu naye kiasi cha kumgusa, na hakutuona, tukacheka mpaka tukaanguka.

Pasi iliunguza kitambaa cha mteja. Sikujali.

Sijui kama ni ugonjwa ule ule. Mimi si daktari. Lakini mara ya mwisho uliniandikia kwamba anaishi kwa kaka yake karibu na stesheni na haonekani nje. Atakuwa hajafika hamsini. Nakuomba kesho, si wiki ijayo, uende kwake. Ukae mbele yake, umwambie atazame pua yako, unyooshe mkono pembeni, umuulize kama anaona vidole vyako. Nimekuwekea humu karatasi ya daktari yenye mchoro, na nyuma yake ameandika jina la ugonjwa na la dawa, ili aonyeshwe daktari wa hospitali ya mkoa. Daktari alipoandika nilimweleza habari za Bi Chausiku, akasema macho yaliyokaa gizani miaka mingi huenda yasirudi, lakini kichwa kinaweza kupoa, na mtu anaweza kuambiwa ukweli. Vidonge vikikosekana huko nitavipata hapa, nitavituma.

Na kabla hujampima, mwambie kwanza kwamba hakuna mtoto. Mwambie mbele ya kaka yake, na mbele ya majirani wakiwepo, kwa sauti. Usimwambie kwamba amesamehewa, maana hakuna alichokosa. Mwambie Mwajuma aliyekuwa akijificha ubavuni mwake ndiye aliyekutuma, na kwamba anamwomba msamaha kwa maandishi ya mkono wake mwenyewe.

Nisalimie Mama, umshike mguu wake kwa niaba yangu. Msalimie shemeji na wanao wote, yule wa kwanza umwambie barua yake ya shule nimeisoma na mwandiko wake umenyooka. Msalimie mjomba fundi boti, na shangazi wa Kasulu akija. Saidi anakusalimu, na mama mkwe wangu amekaa hapa mlangoni, ananiambia nikuandikie kwamba ananitunza. Ni kweli, ananitunza.

Nangoja neno kutoka kwa Bi Chausiku.

Mdogo wako,
Mwajuma